Barabara ya Pili au Vinyunyizio?

Mwekezaji akitaka kujenga mtaa mpya mashambani, mvutano na zimamoto mara nyingi huanzia hapa. Kiambatisho cha kanuni za moto za IFC (International Fire Code), zinazotumika sehemu nyingi za Marekani, kinataka mtaa uwe na barabara mbili za kuingilia, nyumba zake zikizidi 30; nyumba zote zikifungwa vinyunyizio (vifaa vya ndani vinavyomwaga maji vyenyewe moto ukizuka), barabara moja yaweza kutosha.

Vinyunyizio huanza kumwaga maji gari la zimamoto likiwa bado njiani, na kikosi cha kujitolea kinachotoka mbali kinauhitaji sana muda huo. Ila kisima chenye pampu dhaifu kitadai tangi, na matunzo humwangukia mwenye nyumba.

Barabara ya pili ni ghali, tena hula viwanja (hapo ndipo wajenzi hukunja uso). Lakini moto wa nyika ukiziba njia pekee, vinyunyizio vya ndani havimtoi mtu. Penye msitu mkavu, ningeshikilia barabara.