Nusu chupa ya Sauternes kwenye joto la Mwanza: uzoefu wangu

Nilichonunua ni nusu chupa, mililita 375, ya mvinyo mweupe mtamu wa Sauternes, kusini mwa Bordeaux, Ufaransa. Kwa watu wawili hadi wanne inatosha kabisa. Hiki si kinywaji cha kujaza glasi: mililita 60 au 70 kwa mtu, glasi ndogo yenye mdomo uliobana kidogo.

Bei inauma, ila ina sababu. Mto Ciron wenye maji ya baridi unaingia Garonne yenye maji ya vuguvugu, na asubuhi za vuli ukungu unatanda mashambani. Ukungu huo wa hewani ndio unaoleta ukungu mwingine, ule wa kwenye zabibu, uitwao Botrytis cinerea. Unatoboatoboa ganda, maji yanapotea, sukari na ukali wa uchachu vinabaki vimekolea. Zabibu haziozi zote kwa pamoja, kwa hiyo wachumaji wanarudi shamba lile lile mara kadhaa, wakichagua kwa mkono. Château d'Yquem, walio juu kabisa, hukadiria glasi moja tu kwa kila mzabibu, na mwaka 2012 hawakutoa kabisa mvinyo wao mtamu.

Ladha: asali, embe dodo lililokaushwa, ganda la chungwa, na kwa mbali tangawizi. Sukari yake mara nyingi ni gramu 120 hadi 150 kwa lita, nyingi kuliko soda, lakini haikinaishi, kwa sababu nyuma yake kuna ukali kama wa limau unaosafisha ulimi. Aliyezoea dompo ataona tofauti hapo hapo. Mvinyo mtamu usio na ukali huo ni sharubati tu, na kwangu hauna thamani ya hata nusu ya bei.

Sasa joto. Kabla ya kulipa, kagua kizibo. Kikiwa kimesukumwa juu ya mdomo wa chupa, au kuna utandoutando wa kunata chini ya kifuniko cha foili, chupa imepikwa na jua, iache. Duka moja hapa mjini lilizipanga dirishani, zimesimama, jua la mchana likizipiga. Chupa niliyowahi kuichukua hapo ilikuwa ya kahawia iliyofifia, ikinuka tufaha lililochubuka. Rangi ya dhahabu nzito si kasoro, ila kahawia kwenye mvinyo wa miaka mitatu ni kasoro. Vichembe kama sukari chini ya chupa havina shida, baridi ndiyo huvifanya.

Unywe mvinyo ukiwa na nyuzi 9 hadi 11 za Selsiasi. Kwenye friji huchukua muda wa saa tatu. Ukiwa na haraka, ndoo ya barafu NA maji, chumvi kiganja kimoja, dakika 20. Barafu tupu inachelewa kwa sababu haiigusi chupa kote. Ukitoka friji ni baridi mno, harufu imejificha, lakini usiuache mezani nusu saa kama wanavyoshauri wa Ulaya. Kwa joto letu dakika 10 zinatosha. Ukikutana na harufu ya kiberiti kilichowashwa, zungusha glasi, itaondoka. Mwenye pumu aangalie, kwani mvinyo wa aina hii unaruhusiwa salfaiti (kihifadhi cha mvinyo) nyingi kuliko mvinyo mkavu.

Chakula ndipo wengi wanapokosea. Kaimati za shira au keki yenye krimu zinaufanya uonekane mchachu na mwembamba, maana chakula lazima kiwe na sukari pungufu kuliko mvinyo. Kilichonishangaza ni sangara wa kukaanga mwenye pilipili: utamu unaizima pilipili, chumvi inauibua utamu. Ila ndimu weka pembeni, ukiikamulia samaki mvinyo unapooza. Korosho za chumvi nazo safi, na jibini yenye mishipa ya buluu ukiipata, maana nayo ni mtoto wa ukungu.

Ukibaki, rudisha kizibo, simamisha chupa ndani ya friji, si mlangoni. Wiki moja unakaa vizuri. Wangu siku ya tatu ulikuwa umefunguka kuliko ya kwanza. Umeme ukikatika usiku kucha, umalize kesho yake.