Nilidhani nanunua kamera, kumbe nilishaoa lenzi: miaka miwili na Canon EOS RP

Kwa miaka minane mkate wangu niliupata kwa Canon 6D. Ni kamera iliyotoka mwaka 2012, ina megapikseli 20 na nukta 11 za kufokasi, na taa za ukumbi zikipunguzwa unabaki kuiamini moja tu, ile ya katikati. Aliyeitumia anajua mtindo wake: unaweka nukta kwenye jicho la bibi harusi, unafunga fokasi, unasogeza kamera upate fremu yako, unamwomba Mungu dada asiiname kucheka, unabonyeza. Mwaka 2023 nikachoka kuomba.

Kila niliyemuuliza hapa Dar aliniambia neno moja: Sony. Na hawakukosea. Sony walileta A7, kamera ya fremu kamili, yaani yenye kihisi (kile kinachopokea mwanga) kikubwa, isiyo na kioo ndani, mwaka 2013. Canon na Nikon, waliokuwa wakitamba na kamera zao za kioo, walingoja hadi 2018 ndipo wakaja na EOS R na Z. Miaka mitano katika biashara hii ni mingi. Tena Sony waliruhusu mapema viwanda vingine vitengeneze lenzi za kamera zao, kwa hiyo leo mwenye Sony ana Sigma, ana Tamron, ana za Kichina za bei ya kueleweka. Canon kwa upande wao, mwaka 2022 waliwazuia Viltrox kuuza lenzi zenye fokasi ya otomatiki za mdomo mpya wa RF, yaani pale lenzi inaposhikana na kamera. Mlango ukaja kufunguliwa kidogo mwaka 2024, Sigma na Tamron walipoingia, lakini kwa lenzi za kihisi kidogo, si za fremu kamili kama yangu.

Basi kwa nini nikabaki Canon? Nilikaa na kalamu. Ndani ya begi nilikuwa na lenzi tatu, 24-105 f/4 L, 85 f/1.8, 50 f/1.8 na flashi mbili. Kuviuza vyote ningepata nusu ya thamani, tena nikiwa na bahati, halafu nianze upya kununua kimoja kimoja kwenye familia nyingine huku harusi zikisubiri. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa bodi, kamera yenyewe bila lenzi, ni mpita njia. Ndoa iko kwenye mdomo wa kamera, pale lenzi inapoingia. Hiyo 85 ni lenzi ya mwaka 1992 na bado inanilisha.

Nikanunua Canon EOS RP iliyotumika, nayo ya fremu kamili isiyo na kioo, bodi tupu, kwa milioni moja na laki nane. Adapta, kipande kinachounganisha lenzi zangu za zamani na mdomo mpya wa RF, nikanunua kando, na hapo nikafanya ujinga. Badala ya kulipia ya Canon yenyewe, nilichukua isiyo na jina kwenye duka moja mjini kwa robo ya bei. Lenzi ilikuwa inacheza ndani yake kama jino bovu. Kanisani, pete zinavishwa, skrini ya nyuma ikaniandikia hitilafu. Nilizima, nikachomoa lenzi, nikarudisha, nikawasha. Mkono wa bwana harusi nikaupata, pete tayari imeshaingia. Niliporudi dukani muuzaji aliniuliza kama nimeiangusha. Nikaacha, nikaenda kununua ya Canon.

Ya Canon haina kioo wala lenzi yoyote ndani. Ni bomba fupi lenye viunganishi vya umeme. Mdomo wa zamani wa EF unakaa milimita 44 mbele ya kihisi, ule mpya wa RF milimita 20, kwa sababu kile kioo kilichokuwa kikijaza nafasi kimeondolewa. Adapta inajaza hizo 24 zilizobaki, basi. Ndiyo maana lenzi zangu hazikupoteza kitu. Wenzetu wa Nikon wenye lenzi za zamani za AF-D, zile zinazozungushwa na mota ya bodi, hawana raha hiyo: kwenye adapta ya FTZ picha inatoka, lakini fokasi ni ya mkono. Ukihamia Z na lenzi za namna hiyo, ujue mapema.

Sasa kazi yenyewe. RP inatafuta jicho. Mara ya kwanza nilipoiona ile miraba midogo ikimfuata bibi harusi akiingia ukumbini anacheza, taa za DJ zikienda zambarau na kijani, nilicheka peke yangu. Ameinama, ameinuka, shela limepita mbele ya uso, mraba uko palepale. Nilipiga na 85 kwa f/2, nikarudi nyumbani na picha nyingi zaidi zenye jicho kali kuliko nilizowahi kupata na 6D usiku wa namna hiyo. Kwa f/1.8 bado nakosea, kope za bandia zinakuwa kali na jicho lenyewe limelegea, ila hilo ni tamaa yangu ya kufungua lenzi mpaka mwisho. Na kwenye kitundu cha kuchungulia naona mwanga wa picha kabla sijabonyeza. Kwa aliyezoea kupiga, kuangalia, kufuta na kupiga tena, hilo pekee linapunguza jasho.

Ni nyepesi mno. Gramu 485 na betri yake, wakati 6D inafika 770. Mgongo unashukuru. Wateja ndio hawashukuru. Kwenye sendofu moja Sinza shangazi wa bibi harusi alinisogelea kabla hata keki haijaletwa.

"Baba, sisi tumelipia kamera. Hiyo si ya watoto?"

"Hii ni mpya kuliko ile, shangazi."

"Ile kubwa iko wapi?"

Nikaitoa 6D kwenye begi, nikaivaa begani, haina hata kadi ndani. Shangazi akatulia, akaenda kuwaamkia wageni.

Usimcheke. Kila meza pale ina simu tano zinazopiga picha nzuri, na picha za kuingia kwa maharusi ziko kwenye status kabla mimi sijabadilisha lenzi. Simu hizo ndizo zilizoinyong'onyeza biashara nzima. Mwaka 2010 viwanda vilivyo chini ya CIPA, umoja wa watengenezaji kamera wa Japani, vilisafirisha kamera za dijitali zaidi ya milioni 121. Mwaka 2020 hazikufika milioni 9, na 2024 zilikuwa kama milioni 8 na nusu. Zilizokufa zaidi ni zile ndogo za mfukoni. Casio waliziacha mwaka 2018. Olympus waliiuza idara yao ya kamera, na tangu Januari 2021 iko chini ya kampuni nyingine. Waliobaki wanagombea watu kama sisi na watu wenye pesa, na mwenye pesa ndiye anayesikilizwa: lenzi nzuri za RF bei yake inaweza kununua bajaji iliyotembea.

RP ina Wi-Fi, na mimi naitumia kujibu zile simu. Maharusi wakishakaa, nachagua picha moja, naivuta kwenye simu yangu, namtumia dada wa bibi harusi. Dakika mbili. Akiiweka yeye, meza nzima inauliza nani kapiga. Wateja watatu wa mwaka jana nimewapata hivyo.

Betri ni mzigo. Kwa kipimo cha CIPA ni picha takriban 250 kwa betri moja, wakati 6D ilipewa 1,090. Kwa mwendo wangu napata zaidi ya hizo 250, lakini natembea na betri nne na nazihesabu kama fedha. Siku moja msaidizi wangu aliziacha tatu nyumbani kwenye chaja, nami sikukagua begi. Kuanzia keki hadi zawadi nilimaliza na ile 6D ya shangazi.

Nafasi ya kadi ni moja. Kwa harusi hilo linatisha, kwa hiyo nabadilisha kadi baada ya kanisa na ya asubuhi inakaa mfukoni mwa shati, si kwenye begi. Vumbi nalo. Ukichomoa lenzi kihisi kiko uchi, maana RP haifungi shata, lile pazia la mbele ya kihisi, ikizimwa kama inavyofanya EOS R. Kwa harusi za nje, barabara za vumbi, nabadilisha lenzi ndani ya gari vioo vikiwa juu. Na kama kazi yako ni video usihangaike nayo: 4K yake inakata picha mara 1.6, na ile fokasi yake nzuri haifanyi kazi kwenye 4K. Mimi video nampa mtu mwingine.

Mwenye lenzi za EF na kazi ya picha za mnato, achukue, mradi adapta iwe ya Canon. Anayeanza bila lenzi hata moja, mimi kwa pesa hiyohiyo ningemwambia aangalie Sony za mkono wa pili kwanza, na aulize bei ya lenzi kabla ya kuuliza bei ya bodi.

6D sijaiuza. Mwezi uliopita kijana mmoja alikuja kutoka Mbagala kuiangalia, anataka kufungua studio ya picha za pasipoti. Akaipima mkononi, akaipima na RP, akairudia. "Kaka, hii ndiyo kamera," akasema, akatoa laki nne. Nikamwambia ngoja msimu wa harusi upite. Kuna mashangazi wengi Desemba.