Stempu za ngoma na ala za asili: uanze na ipi ukiwa Mwanza

Kama una pesa ya seti moja tu, tafuta seti ya ala za muziki ya mwaka 1970. Ilitolewa na posta ya pamoja ya Kenya, Uganda na Tanzania, na ina stempu nne: marimba ya senti 30, amadinda ya senti 70, nzomari ya shilingi 1.50 na adeudeu ya shilingi 2.50. Zote nne kwenye dirisha la posta zilikuwa shilingi 5. Mimi naipenda kwa sababu kila ala imepewa stempu yake. Nzomari ni zumari ya Pwani, adeudeu ni kinubi cha Wateso, na amadinda inatugusa sisi wa ziwani: ni ya Waganda, ng'ambo ya maji haya haya, vipande 12 vya mbao vinalazwa juu ya migomba na watu watatu wanapishana mapigo hadi usijue nani kapiga lipi.

Kabla hujalipa, geuza stempu. Inayoitwa mpya lazima iwe na gundi nyuma na meno yake yote pembeni. Gundi ikiwa imetoka, bei nayo ishuke. Iliyotumika usiidharau. Stempu ya seti hii ikiwa bado kwenye bahasha yake, muhuri wa posta unasomeka jina la mji na tarehe, kwangu inaipita hata mpya. Usiibandue. Bahasha za namna hiyo zimo kwenye masanduku ya wazee wetu, barua za ndugu waliokuwa Kampala na Kisumu. Mwombe babu au bibi kwa adabu, umpe thamani yake, na barua ya ndani umwachie.

Ya pili ni seti ya FESTAC, tamasha la sanaa la Lagos la mwaka 1977. Humo wamo wachezaji wa Uganda, kundi la Heartbeat of Africa, kwenye stempu ya shilingi 1. Nyingine tatu ni manyatta ya Wamaasai, kinyago cha Wamakonde na binadamu wa kale. Anayetaka ngoma peke yake amwombe muuzaji amuuzie hiyo moja tu.

Kinachoniuma ni kwamba bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma, haimo katika seti hizi mbili. Wachezaji wanaorusha majembe hewani, ushindani wa Bagika na Bagalu, makundi mawili ya wachezaji wa Kisukuma, vyote tunavyovikuta kwenye makumbusho ya Wasukuma ya Bujora pale Kisesa, havikupata hata senti 30.

Bahasha ya siku ya kwanza, yaani yenye stempu zilizogongwa muhuri siku ile ile zilipotolewa, naiweka ya tatu. Inapendeza, ila hakikisha muhuri umekamata stempu na bahasha kwa pamoja.

Pakiti za mchanganyiko ni za mwisho. Nyingi humo zina muhuri safi kwenye kona na gundi bado ipo nyuma, maana yake hazikuwahi kusafirisha barua. Mtoto anayeanza zitamfaa.

Ukishanunua, ogopa unyevu wa ziwa. Masika moja nilirundika stempu mpya kwenye droo, nikazikuta zimegandana, na kuzitenganisha kukazichana. Sasa kila moja ina mfuko wake wa karatasi laini, albamu inasimama wima mbali na ukuta, na nazishika kwa kibano, kamwe si kwa vidole.