Kigari cha watu wawili mjini: kipi ununue, kipi uache

Mtu akikwambia anataka Smart Fortwo kwa sababu "haili mafuta", mwambie atulie kwanza. Toyota Aygo au Yaris ya lita moja inakunywa karibu sawa na Smart, na ina viti vya nyuma. Unacholipia kwenye Smart ni ufupi wake. Ya kwanza ilikuwa mita mbili na nusu kutoka bampa hadi bampa, na hata za mwisho ziliishia mita 2.69. Kwa hiyo cha kujiuliza ni kimoja: unakoishi, kupata pa kuegesha ni vita?

Kama unakaa East Ham au Tooting, London, nyumba zimeshikana na magari yamepangwa kila upande wa mtaa, na ukirudi zamu ya usiku unazunguka robo saa kutafuta upenyo, kigari hiki kitakulipa kila siku. Kama unakaa Milton Keynes na una nafasi yako mbele ya mlango, chukua Yaris tu.

Nimeandika kwa kuangalia soko la magari yaliyotumika hapa Uingereza, ambako usukani uko kulia na Smart na Toyota zote ziliuzwa rasmi. Fortwo mpya hutaipata tena dukani: uzalishaji wa Fortwo ulikoma mwaka 2024, na kampuni yenyewe sasa inatengeneza magari makubwa ya umeme kwa ubia na Geely wa China. Kwa hiyo hapa tunaongelea mitumba.

Kwanza, unachokiacha

Viti viwili maana yake viwili. Siku mama mkwe anashuka Heathrow na masanduku mawili ya kilo 23 na boksi la maembe, wewe na Smart yako mtaishia kumwitia teksi. Harusini hutambeba mtu zaidi ya mmoja. (Wengine wanahesabu hiyo kuwa faida. Mwenye viti viwili haombwi lifti na ukoo mzima.)

Mwenye mtoto mchanga aangalie zaidi. Kiti cha mtoto kinachotazama nyuma hakiruhusiwi kufungwa mbele ya mfuko wa hewa ambao haujazimwa, na kwenye gari hili hakuna pengine pa kukifunga. Hakikisha gari lina namna ya kuuzima, na ujue kuwa siku hiyo mzazi mwenzako atabaki nyumbani.

Mizigo si tatizo kama watu wanavyodhani. Kiti cha abiria kinalala mbele, ukapitisha mbao au zulia lililokunjwa. Mlango wa nyuma wa Fortwo unafunguka vipande viwili, kioo kinakwenda juu na kile cha chini kinashuka kama ubao wa kukalia. Gunia la mchele, katoni ya ndizi na vitunguu vya wiki mbili vinaingia bila shida. Lakini injini iko chini ya sakafu ya buti, na sakafu hiyo hupata joto. Samaki wa barafu au aiskrimu iweke mbele miguuni kwa abiria.

Halafu usalama. Fremu ya chuma ya Smart ni ngumu kweli, kama ganda la njugu, na kizazi cha mwisho kilipata nyota 4 za Euro NCAP, wanaopima usalama wa magari Ulaya, mwaka 2014. Hata hivyo uzito ni uzito. Mwaka 2009 taasisi ya usalama barabarani ya Marekani, IIHS, iligonganisha Smart uso kwa uso na Mercedes C-Class, na Smart ikapata alama ya chini kabisa. Yaris dhidi ya Camry ilipata hiyo hiyo. Mjini kwa maili 20 kwa saa hilo halisumbui sana. Kwa anayepanda barabara kuu ya M1 kila asubuhi katikati ya malori ni hesabu nyingine, tena siku ya upepo wa ubavuni utaishika usukani kwa mikono miwili.

Ya kwanza: Toyota iQ (2009–2014)

Najua, iQ ina viti vinne kwenye karatasi. Ukiketi nyuma ya dereva utaelewa kwa nini Toyota wenyewe waliiita ya watu watatu na mmoja wa dharura. Viti vya nyuma vikisimama, buti linabaki lita 32, nafasi ya mfuko mmoja wa sokoni. Kila ninayemjua mwenye iQ amevilaza viti hivyo na kuvisahau. Ni gari la watu wawili lenye akiba.

Naiweka juu kwa sababu ya injini. Ya lita moja ni 1KR-FE, ndiyo ile iliyomo kwenye Vitz na Passo za nyumbani na Aygo na Yaris za hapa. Spea zimejaa, fundi yeyote anaijua. Gari lina urefu wa mita 2.985, yaani limeizidi Smart kwa sentimita 30 hivi, lakini linageuka mahali padogo ajabu na lina mifuko ya hewa tisa, pamoja na pazia la kioo cha nyuma. Lilipata nyota 5. Hewa chafu ni gramu 99 kwa kilomita, kwa hiyo kodi ya barabara ni ndogo, na ULEZ, ada ya London kwa magari yenye hewa chafu, hailigusi.

Ubaya wake? Ndani ni plastiki tupu, halina haraka, na vipande vya bodi na vioo havipatikani upesi kwa kuwa yaliuzwa machache. Ukigongwa mlango unaweza kusubiri wiki kadhaa.

Ya pili: Smart Fortwo ya kizazi cha tatu, petroli (2015–2019)

Hii ndiyo Smart ninayomshauri mtu bila kusita. Iliundwa pamoja na Renault Twingo, kwa hiyo vifaa vingi vya chini ni vya Renault na fundi wa mtaani havishangai. Ni pana zaidi ya ya zamani kwa sentimita kumi, mita 1.66, na urefu umebaki ule ule 2.69. Kinachokufanya ucheke ni kugeuka kwake: duara la mita 6.95. Kwenye mtaa wa kawaida wa London unageuza mara moja tu wakati mwenye Golf anakwenda mbele na nyuma mara tatu.

Chukua ya gia za mkono. Fortwo zote zilizotangulia zilikuwa na gia za kubadilika zenyewe zinazokera, nitazifikia. Hii ndiyo ya kwanza kukupa pedali ya klachi, na hiyo peke yake ni sababu ya kuinunua. Ya otomatiki ya klachi mbili nayo ni nzuri, ila ikiharibika bili yake si ya kitoto. Farasi 71 wanatosha mjini. Turbo ya farasi 90 ni kwa anayetoka nje ya jiji mara kwa mara.

Ya tatu: Fortwo ya umeme, EQ

Kwa kuendesha, ndiyo tamu kuliko zote. Kimya, inaruka taa za barabarani zikiwaka kijani, na haina gia za kukutikisa kichwa. Betri ni kWh 17.6, ndogo sana kwa viwango vya leo. Ikiwa mpya ilikuwa inakwenda kilomita 130 hivi, na Januari, hita ikiwaka, zinapungua sana. Kwa mwenye safari ya kazini ya maili kumi, zinatosha na kubaki.

Tatizo la EQ ni kwamba anayehitaji gari fupi ni yule asiye na pa kuegesha nyumbani, na asiye na pa kuegesha nyumbani hana pa kuchajia. Mwenye uwanja na soketi ukutani, ambaye EQ ingemfaa, hana shida ya ufupi. Na haipokei chaja za haraka za barabara kuu. Baadhi zina chaja ya ndani ya kilowati 22, ambayo kwenye nguzo ya mtaani inajaza kutoka asilimia 10 hadi 80 kwa chini ya dakika 40. Nyingine hazina, utakaa saa kadhaa. Muulize muuzaji hilo kabla ya kuuliza rangi.

Ya nne: Fortwo ya kizazi cha pili (2007–2014)

Ndiyo utakayoikuta kwa wingi na kwa bei nafuu. Injini ya petroli ni ya Mitsubishi, cc 999, mitungi mitatu, na haina makuu. Kinachoiteremsha hapa ni gia. Kompyuta inakukandamizia klachi na kukubadilishia, na kati ya gia moja na nyingine kuna kipindi cha kimya ambacho kichwa cha abiria kinainama mbele kana kwamba anaitikia dua. Dawa ipo: ukihisi inataka kubadilisha, legeza mguu kidogo kwenye mafuta, kisha kanyaga tena. Baada ya wiki unazoea. Mkeo au mumeo hatazoea.

Ya dizeli usiiguse kama unaingia London. Haifikii kiwango cha ULEZ, nayo inatoza pauni 12.50 kwa siku, na tangu Agosti 2023 imefunika vitongoji vyote vya jiji.

Ya tano: Smart ya kwanza kabisa (1998–2007)

Inapendeza kwa macho, na ina historia: wazo la Nicolas Hayek wa Swatch, likatekelezwa na Mercedes kwenye kiwanda cha Hambach, Ufaransa. Kama gari la kazi, hapana. Injini za cc 599 na 698 zina plagi sita kwa mitungi mitatu, na nyingi zikishatembea zinaanza kula oili. Nyingine hata bolti ya kumwagia oili hazina. Fundi anaifyonza kupitia tundu la kijiti cha kupimia. Ukiipenda mno, tafuta za kuanzia 2003 ambazo zina mfumo wa kuzuia kuteleza, na usiangalie mwaka tu kwenye ULEZ. Ingiza namba ya gari kwenye tovuti ya Transport for London.

Nje ya orodha

Vigari vya umeme vya Citroën Ami na Renault Twizy. Ami ina usukani kushoto, haizidi kilomita 45 kwa saa na hairuhusiwi kwenye barabara kuu za M. Twizy inakaa mtu nyuma ya mtu na ilitoka kiwandani bila madirisha ya pembeni. Nyingi pia ziliuzwa betri ikiwa ya kukodi, ukajikuta una gari na deni la kila mwezi. Katika nchi yenye mvua kama hii mtanisamehe.

Ukienda kuikagua

Kabla ya kutoka nyumbani, weka namba ya gari kwenye tovuti ya serikali uone historia ya MOT, ule ukaguzi wa gari wa kila mwaka. Ni bure, inaonyesha maili za kila mwaka na kila kilichofelishwa. Springi za mbele zilizokatika ni ugonjwa wa Smart za zamani, ukiona zimeandikwa mara mbili jua barabara za huko zina mashimo.

Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Weka mkono kwenye sakafu ya buti la Smart: ikiwa na joto, amekwisha kuiwasha, na ana sababu. Iwashe mwenyewe ikiwa baridi, mtu mwingine asimame nyuma. Moshi wa bluu kwenye Smart ya zamani, aga urudi nyumbani. Kisha toa zulia la miguuni kwa dereva, bonyeza sponji iliyo chini yake. Ikiwa na unyevu, maji yanaingia kupitia kioo cha mbele, na kwenye vizazi viwili vya mwanzo vya Smart kisanduku cha umeme kiko chini ya dashibodi. Taa zinazowaka zenyewe na wipa zisizosimama huanzia hapo.

Kama ni Smart ya zamani, panda mlima nayo. Simama katikati, ondoka. Ikisita, au ikikataa kuingia gia kutoka N, mota inayosukuma klachi imechoka. Wakati mwingine inataka kurekebishwa tu, lakini wewe bei ipange kana kwamba utainunua mpya. Tazama na tairi za Smart: za nyuma ni pana kuliko za mbele, huwezi kuzizungusha, na si kila duka la tairi lina saizi hizo.

Kuhusu kuegesha kwa kuingiza pua ukingoni, kama picha za Roma: mahali palipochorwa mistari, gurudumu likizidi mstari unaandikiwa faini hata kama hujamzibia mtu njia.

Kuipeleka nyumbani?

Naulizwa sana kwa kuwa usukani ni wa kulia. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane, hivyo iQ zote na Smart nyingi za petroli haziingii. Tanzania zinaingia, ila gari kuukuu linatozwa ushuru wa uchakavu juu ya ushuru mwingine, na matuta ya barabarani na gari hili la chini hayapatani. Spea za Smart utaagiza kutoka huku huku Ulaya, moja moja. Ukitaka gari dogo la kumpelekea dada yako Tegeta, nunua Passo ya Japani.