Ruta ya laini hapa Iyunga: nyota nne kwa ruta, mbili kwa waliouza

Nianze na hukumu ili asiye na muda aishie hapa. Ruta ya 4G ninayotumia nyumbani naipa nyota nne kati ya tano. Kampuni iliyoniuzia naipa mbili, na hizo mbili ni kwa sababu mnara wao upo.

Naishi Iyunga, Mbeya, jirani na hosteli za wanafunzi wa chuo kikuu cha MUST. Kazi yangu ni hesabu za wenye maduka wa Mwanjelwa na Kabwe. Mwisho wa ritani ya VAT ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na wateja wangu nao wana tabia ya kuleta risiti ikiwa imebaki siku moja, kwenye mfuko wa rambo. Sasa intaneti ikikata siku hiyo, hatuzungumzii kukosa tamthilia. Na ilikuwa inakata kweli: ukurasa unafunguka nusu, unaganda, huku alama ya waifai kwenye kompyuta imejaa tele. Alama hiyo inakupima wewe na ruta tu. Kuhusu kinachoendelea kati ya ruta na mnara haisemi lolote.

Huduma kwa wateja wana jibu moja: "Zima ruta kaka, subiri kidogo, halafu washa." Ikigoma, unashauriwa ununue kifurushi kikubwa zaidi. Kifurushi kikubwa kinakupa GB nyingi za kusubiria ukurasa uleule ulioganda.

Kilichonifungua macho ni kipimo kilichomo ndani ya Windows yenyewe, kinaitwa ping, na ni cha bure: kinatuma ujumbe mfupi na kuhesabu milisekunde hadi jibu lirudi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, fungua madirisha mawili meusi. La kwanza andika ping -t 192.168.1.1, ambayo kwa ruta nyingi ndiyo anwani ya ruta yenyewe (kama yako ni tofauti, andika ipconfig utaiona kwenye mstari wa Default Gateway). La pili andika ping -t 8.8.8.8, hiyo ni ya Google, iko nje. Yaache yatiririke pembeni ukiendelea na kazi. Mtandao ukiganda, tazama. Yakisimama yote mawili, ugonjwa uko ndani ya nyumba, kati ya kompyuta na ruta. La kwanza likitiririka vizuri na la pili likajaa "Request timed out", ndani hakuna kosa, angalia nje.

Kwangu magonjwa yote mawili yalikuwapo, kila moja na saa yake.

Mchana ilikuwa ndani. Dirisha la kwanza linasoma milisekunde 3, ghafla 900, halafu kimya. Ruta ilikuwa sebuleni nyuma ya TV, kompyuta chumba cha mwisho, katikati kuta za tofali za kuchoma. Juu ya hapo, hosteli zote zinazonizunguka zina waifai zao kwenye masafa ya 2.4 GHz, na ruta yangu ilikuwa imejichagulia chaneli waliyojazana. Amri ya netsh wlan show interfaces inakuonyesha uko chaneli gani. Kwenye masafa hayo zisizoingiliana ni 1, 6 na 11, nikaipeleka 1, ikapata nafuu. Nikaondoa pia ile tiki ya Windows inayoruhusu kompyuta kuzima kadi ya waifai ili kuokoa chaji. Simu ikiwa haikati na kompyuta inakata, anza na hiyo. Lakini kilichomaliza kabisa ni waya wa LAN, wa kuunganisha kompyuta na ruta bila waifai, nikaupitisha juu ya dari. Tangu hapo dirisha la kwanza halijawahi kuruka.

Usiku ikabaki ya nje. Ingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta utafute namba inayoitwa RSRP, yaani nguvu ya signal inayofika kutoka mnarani. Ni hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo signal ilivyo nzuri: -80 unastarehe, -110 unaomba. Nyuma ya TV ilikuwa -112. Nikatembea nayo nyumba nzima kama mtu anayetafuta ufunguo, na dirisha la chumba cha watoto, linaloangalia upande wa mnara, likanipa -96. Ndiko inakokaa sasa. Nikaifunga pia kwenye 4G peke yake, kwani ikiachwa ijiamulie, signal ikiyumba inakimbilia 3G na kung'ang'ania huko.

Kuanzia saa mbili usiku bado inakuwa nzito. RSRP ileile, ila dirisha la pili linapanda hadi milisekunde mia kadhaa: mnara umejaa watu. Hapo huna cha kurekebisha. Mafaili makubwa nayapakia baada ya saa sita, na Windows nimeiambia mtandao huu unalipiwa kwa kipimo (metered connection), ili isishushe masasisho yake katikati ya ritani.

Fundi mmoja alitaka kunifungia antena juu ya bati. Nilikataa. Kuanzia Novemba hadi Aprili radi za huku si za mchezo, na hakuwa na mpango wowote wa waya wa kuipeleka ardhini. Pesa hiyo nilinunua UPS ndogo ya ruta, yaani betri ya akiba, ya volti 12, kwa sababu umeme ukipepesa kidogo tu ruta huanza kuwaka upya na kazi inasimama. Soma lebo ya chaja yako kwanza. Volti zisipolingana utaiunguza.

Kama unafikiria kununua, azima laini ya kampuni hiyo, iweke kwenye simu ya 4G, ujaribu dirishani kwako saa tatu usiku. Saa nne asubuhi kila mnara ni mzuri.