Maswali ya kipaza sauti au ya karatasi?

Mdahalo wa wagombea uenyekiti wa mtaa, tuseme kule Pasua au Majengo hapa Moshi, huharibika pale swali la mtaro linapogeuka "huyu si mzaliwa wa hapa". Sasa, wananchi waulize kwa kipaza sauti, au waandike maswali kwenye karatasi yasomwe na mwongozaji?

Kwa gharama, karatasi inashinda. Rimu moja ya A4, kila karatasi ikikatwa vipande vinne, inatoa vipande 2,000. Spika ni za kukodi, na umeme ukikatika ndiyo basi.

Kuzuia matusi nako karatasi iko mbele, mradi wanaochambua maswali kabla hayajasomwa wawe watatu wa kambi tofauti. Akichambua mmoja, "ameficha swali letu" haikosi, na ugomvi unaanza upya. Wasilitupe swali lenye kejeli, walisafishe: "Mwizi wewe, mbona husomi mapato?" lisomwe "Kwa nini mapato ya robo mwaka hayajasomwa?" Mtu katoka, hoja imebaki.

Kipaza sauti kinashinda kwa kuaminika: muulizaji anaonekana, na bibi asiyeandika anasikika. Ila mwongozaji akishike mwenyewe. Akikiachia tu, kukirudisha ni vita.

Wakiwa hamsini wanaojuana, waulize kwa mdomo. Kampeni zikishachemka, kateni karatasi.