Wiki nane za chakula cha mzio kwa mbwa wangu: uzoefu wangu

Mbwa wangu Simba alijikuna mwaka mzima, masika na kiangazi, akilamba nyayo hadi manyoya yakageuka rangi ya kutu, huku masikio yakianza kunuka upya kila dawa ilipokwisha. Daktari wa mifugo, baada ya kuhakikisha kwamba hana viroboto wala upele, alishuku mzio wa chakula, akanieleza kuwa vipimo vya damu haviaminiki kwa tatizo hili na kwamba sharti ale chakula kimoja tu kwa wiki nane, kisha arudishiwe cha zamani tuone.

Nilianza vibaya. Nilinunua mfuko ulioandikwa "samaki" kwa herufi kubwa, na wiki tatu zikapita bila nafuu kabla sijasoma maandishi madogo ya nyuma na kukuta unga wa kuku, ilhali kuku, nyama ya ng'ombe, maziwa na ngano ndivyo vinavyotajwa mara nyingi katika mzio wa mbwa. Mnyama aliteseka bure, na jambo hili linanikera mpaka leo.

Chakula ninachokisifu hapa ni kile alichoniagizia daktari, ambacho protini zake zimevunjwavunjwa kiwandani kuwa vipande vidogo kiasi kwamba kinga ya mwili haivitambui kwa urahisi. Kufikia wiki ya tano kujikuna kulikuwa kumepungua sana, na ya nane masikio yalikuwa makavu. Nilipomrudishia ugali na supu ya kuku, siku ya nne alianza tena kulamba nyayo.

Kazi kubwa ilikuwa kuwazuia watoto wasimdondoshee mkate, na kumwomba jirani, ambaye humpenda kwa dhati, aache kumrushia mifupa. Hata dawa ya minyoo yenye ladha ya nyama ilibidi ibadilishwe.

Bei ya chakula hiki ni kubwa mno. Tena, kwa unyevu wa Dar es Salaam, mfuko ukishafunguliwa ninauweka mzima ndani ya ndoo yenye mfuniko, kwa sababu kuvu wengine huzalisha sumukuvu inayoharibu ini la mbwa na isiyoondoka kwa kupikwa. Mahindi yaliyoota ukungu, ambayo wengi wetu huwatengea mbwa, ni hatari hiyohiyo.

Sasa tuko mfuko wa tatu, na juma hili nimeanza kumwongezea viazi vitamu peke yake kwa wiki mbili, nione kama ngozi itavikubali.